Feza ya watu wa pwani: ufunguo uko mkononi mwa nani?

Habari tunayoleta juma hili imetoka mbali, Kanada, kwenye pwani ya bahari ya Pasifiki. Lakini kila mama aliye katika kikundi cha akiba ataielewa upesi, labda kuliko watu wa banki. Tunajua sanduku letu lilivyo: kufuli tatu, mama watatu wenye funguo, na mama wa nne anayelilinda nyumbani kwake bila kuwa na ufunguo hata mmoja. Tulipanga vile kusudi feza ibaki ya wote. Kwenye pwani ile ya Kanada, wenyeji wa asili waliishi zaidi ya miaka mia moja wakiwa na mali, tena mali nyingi, lakini funguo zote zilikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Tunataka kueleza namna walivyopata baadhi ya funguo hizo, na nini kimejengwa nazo.

Tukisema wenyeji wa asili, tunasema watu waliokuwako mbele ya wengine kufika, kama vile kwetu tunavyosema juu ya Batwa na Bambuti. Kule wanajiita Mataifa ya Kwanza, na kila taifa lina jina lake, lugha yake na vijiji vyake: Haida, Heiltsuk, Kitasoo Xai'xais, Nuxalk na wengine wengi. Wanakaa katika jimbo la British Columbia, juu ya visiwa na kando ya ghuba ambazo nyingi hazifikiwi na barabara. Mtu anafika kwa boti ao kwa ndege ndogo inayotua juu ya maji. Mama wa Idjwi hahitaji kuelezwa maana yake: bei ya sukari, bei ya bati, na mgonjwa anayengoja boti.

Nyuma ya vijiji hivyo kuna msitu unaoitwa Great Bear Rainforest, maana yake msitu wa dubu mkubwa. Ni hektari milioni 6.4, karibu sawa na jimbo la Kivu ya Kusini lote. Ndani yake kuna mierezi yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Mito yake inajaa samaki wa samoni wanaopanda kutoka baharini kuja kutaga mayai. Kwa hiyo watu hawa hawakuwa maskini. Walifanywa kuwa maskini, na ilifanyika kwa sheria.

Sheria iliyowafunga mikono

Mwaka 1876 Kanada ilitunga sheria moja juu ya wenyeji wa asili. Kwa sheria hiyo walihesabiwa kama watoto wasiofika umri wa kutunza mali yao. Feza iliyotokana na ardhi yao iliwekwa na serikali, na waziri ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya matumizi yake. Ardhi waliyoachiwa ilikuwa vipande vidogo, na kwa kuwa mkopeshaji wa nje hakuweza kuishika kama rehani, banki zilikataa kuwakopesha. Mama anayetaka kununua mashine ya kushona anajua: bila rehani na bila kikundi, hakuna mkopo.

Kutoka mwaka 1885 mpaka 1951 walikatazwa hata sikukuu yao kubwa, potlatch. Katika sikukuu hiyo shefu aliita watu, akatangaza majina na urithi mbele ya mashahidi, kisha akagawa mali yake. Kwao mwenye heshima alikuwa mwenye kugawa, si mwenye kulundika. Wakubwa wa serikali waliona huo ni upotevu wa mali, wakafunga watu gerezani na kunyang'anya vinyago na ngoma zao.

Mama walipigwa mara mbili. Mpaka 1951 hawakuwa na haki ya kupiga kura katika baraza la taifa lao. Mpaka 1985, mwanamke aliyeolewa na mtu asiyehesabiwa kuwa mwenyeji wa asili alifutwa katika kitabu cha taifa lake, na watoto wake pamoja naye. Ndugu yake mwanaume akioa mwanamke wa nje, hakupoteza kitu. Na ajabu ni kwamba kati ya Haida mtoto anahesabiwa upande wa mama. Sheria ya wageni ilipindua ukoo wao kichwa chini.

Sisi walimu hatuwezi kupita bila kutaja masomo. Watoto walichukuliwa kwa wazazi wao, wakafungiwa katika nyumba za masomo mbali na vijiji, wakapigwa wakisema lugha ya mama zao. Masomo ya namna hiyo ya mwisho yalifungwa katika miaka ya 1990, yaani wakati wengi wetu tulikuwa tayari tumezaliwa. Tukiuliza kwa nini kijiji kinakosa mafundi, kesiye ao mwalimu wa lugha yake, jibu moja liko hapo.

Wazee walioketi barabarani

Wakati huo makampuni yalikata miti, yakaipakia juu ya mashua na kuondoka. Vijiji vilibaki na visiki, na mito iliyojaa udongo ambamo samaki hawakuweza kutaga.

Mwaka 1985, katika visiwa vya Haida Gwaii, Wahaida waliziba barabara ya magari ya kampuni kwenye kisiwa cha Lyell. Watu 72 walikamatwa, na wazee waliomba wakamatwe wa kwanza. Picha za wazee wamevaa mavazi yao ya heshima wakipelekwa na polisi zilizunguka inchi nzima. Miaka michache nyuma yake, Leta ilikubali kulinda sehemu ile, na mwaka 1993 ilitia sahihi mapatano ya kuitunza pamoja na Wahaida. Tena mwaka 1994 dolari za Kanada milioni 38.2 ziliwekwa katika mfuko unaoitwa Gwaii Trust, wenye kusimamiwa na watu wa visiwa wenyewe, Wahaida na wasio Wahaida wakiketi kwenye meza moja. Mtaji haupashwi kuliwa. Wanatumia faida yake kwa masomo, afya, majengo na mambo mengine ya jamii. Mfuko huo upo hata sasa.

Katika msitu mkubwa wa bara mapigano yalichukua muda zaidi. Watetezi wa mazingira walikwenda kwa wanunuzi wa mbao ng'ambo kuwaomba waache kununua miti ya pale. Kampuni zikaona soko linapungua, zikakubali kuketi na kuzungumza. Lakini Mataifa ya Kwanza yalisema jambo moja ambalo watetezi wengine walikuwa wamelisahau: msitu ukilindwa na watu wakabaki bila kazi, mmetufukuza mara ya pili. Sisi wa Kivu tunaposikia neno hilo tunajua linatoka wapi. Batwa waliotolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega katika miaka ya 1970 wangeweza kulisema kwa maneno yale yale.

Basi mwaka 2006 walipatana juu ya msitu, na mwaka 2007 ulianzishwa mfuko unaoitwa Coast Funds, wenye dolari za Kanada milioni 120. Nusu ilitoka kwa watoaji binafsi, milioni 30 zilitoka kwa serikali ya Kanada, na milioni 30 kwa serikali ya jimbo. Mwaka 2016 mapatano yalikazwa: asilimia 85 ya msitu wenyewe haikatwi tena na viwanda.

Sanduku lilivyogawanywa

Hapa tunaomba mama makesiye wasome polepole.

Waligawa feza katika masanduku mawili, karibu nusu kwa nusu. Sanduku la kwanza ni la kulinda ardhi na bahari. Mtaji wake haugusiwi. Feza inawekwa kazini, na faida ya kila mwaka ndiyo inalipa walinzi, uchunguzi wa samaki na kazi za namna hiyo. Ni sawa na mama anayekula mayai na kuacha kuku. Sanduku la pili ni la biashara na maendeleo, na lile linaruhusiwa kutumiwa mpaka liishe, kwa sababu biashara inaomba mtaji mkubwa mwanzoni.

Kisha, na hapa ndipo tunaona akili yao, kila taifa lilihesabiwa fungu lake tangu mwanzo. Lilijua: hiki ni chetu. Halikupashwa kukimbizana na jirani yake, wala kuandika mradi unaofanana na mapenzi ya mfadhili wa mwaka ule. Likitaka kutoa feza, lilileta mpango wa kazi uliokubaliwa na viongozi wa taifa lenyewe, na katika komite inayosimamia mfuko wamo waliowekwa na Mataifa. Mpango usipokuwa tayari, feza inangoja. Haipotei kwa sababu mwaka wa bajeti umefungwa.

Kwa maoni yetu jambo hilo lina uzito kuliko hata milioni 120. Sote tumeona mradi unaokuja na bango kubwa, gari mbili na vikofia, unajenga kisima fasi ambapo mama hawapiti, kisha unaondoka kwa sababu miezi kumi na minane imekwisha. Hakuna aliyeiba. Ila ufunguo ulikuwa mbali, na mwenye ufunguo alikuwa na haraka.

Katika miaka iliyofuata, mfuko huo ulisaidia kutokeza zaidi ya kazi 1,000 za kudumu, na biashara zaidi ya 100 zikaanzishwa ao kukuzwa. Kwa vijiji vyenye watu mia chache, hesabu hiyo ni kubwa.

Dubu, hoteli na joto la nyumba

Kijiji cha Klemtu ni cha taifa la Kitasoo Xai'xais, na hakina watu wengi kuliko masomo moja makubwa ya mjini kwetu. Katika msitu wake anaishi dubu ambaye ni wa ukoo wa dubu weusi lakini wengine wanazaliwa weupe kama maziwa. Zamani wageni walikuja kuwinda dubu katika pwani ile, wakakata vichwa na kuvipeleka nyumbani kama mapambo. Taifa lilijenga nyumba ya wageni, Spirit Bear Lodge, ambapo watalii wanalipa ili wamwangalie dubu akiwa hai, na anayewaongoza kwa mashua ni kijana wa kijiji. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wageni wanaokuja kutazama dubu waliacha feza mara 12 kuliko wale wanaokuja kuwinda. Dubu aliyekufa analipa mara moja. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilikomesha uwindaji wa dubu wakubwa wa kahawia, jambo ambalo mataifa ya pwani yalikuwa yametangaza yenyewe miaka mitano mbele yake.

Habari ya pili ni ya Gwa'sala-'Nakwaxda'xw, jina ambalo hata walimu tulilisoma mara tatu. Ni mataifa mawili ambayo serikali iliyahamisha mwaka 1964 kutoka vijiji vyao vya zamani na kuyaleta karibu na mji wa Port Hardy. Waliahidiwa nyumba nzuri. Walipofika walikuta nyumba chache sana, na familia nyingi zilipanga ndani ya boti zao. Watoto wa wale waliohamishwa ndio walionunua hoteli ya zamani katika mji ule ule, wakaitengeneza upya kwa mbao za mwerezi, wakaifungua mwaka 2017 kwa jina la Kwa'lilas, maana yake mahali pa kulala. Watu waliokosa mahali pa kulala sasa wanalaza wageni na kutoza bei. Hatujui kama walichagua jina hilo kwa kucheka kidogo, lakini sisi tulicheka.

Kwa Heiltsuk, kisiwani Bella Bella, nyumba nyingi zilipashwa joto kwa mazutu iliyoletwa kwa mashua. Kule baridi si ya mchezo, na bei ya mazutu ilikula mshahara. Kwa feza ya mifuko mbalimbali, nyumba kwa nyumba, waliweka mashine ya umeme inayovuta joto kutoka hewa ya nje na kulileta ndani. Moshi umepungua, na feza iliyokuwa inachomwa inabaki jikoni. Mwaka 2019 walifungua pia nyumba yao kubwa ya mikutano na ngoma, ya kwanza pale tangu miaka 120. Mtu anaweza kuuliza: nyumba ya ngoma inaleta faida gani? Tunafikiri watu waliokatazwa kukutana kwa miaka 66 wana haki ya kuihesabu kati ya majengo ya maendeleo, pamoja na kivuko na bomba la maji.

Kiongozi aliyechaguliwa wa Heiltsuk tangu 2008 ni mama, Marilyn Slett. Tarehe 13 Oktoba 2016 boti moja ya kuvuta mashua ya mafuta iligonga mwamba katika maji yao, na lita zaidi ya 100,000 za mazutu zikamwagika mahali wanapochota chaza. Watu wa Heiltsuk walikuwa kati ya wa kwanza kufika kwa boti zao, wakati msaada mkubwa ulikuwa bado njiani. Walinzi wa pwani, wanaoitwa Guardian Watchmen, wanalipwa kwa sehemu na lile sanduku la mtaji usioguswa. Kuanzia mwaka 2022 baadhi ya walinzi wa Kitasoo Xai'xais na Nuxalk wamepewa, kwa majaribio, uwezo sawa na walinzi wa hifadhi za jimbo: wanaweza kusimamisha boti na kuandika kosa.

Kikundi cha akiba cha mataifa

Feza ya kupewa ina mwisho. Sanduku la biashara la Coast Funds lilitengenezwa ili litumiwe, na biashara nyingine hazikusimama, kama kila mahali. Ndiyo maana mwaka 2024 yalitangazwa mapatano mengine, mara hii kwa ajili ya bahari: dolari za Kanada milioni 335, kati yake milioni 200 kutoka Kanada, milioni 60 kutoka jimbo na milioni 75 kutoka watoaji binafsi, kwa ajili ya mataifa 17.

Lakini kuna njia nyingine, nayo ndiyo inafanana zaidi na likelemba yetu. Mataifa mengi yaliungana katika chombo kimoja cha kukopa, First Nations Finance Authority. Peke yake kila taifa lilikuwa dogo na banki ililitazama kwa jicho baya. Pamoja wanadhaminiana, na mwaka 2014 waliingia sokoni mara ya kwanza wakakopa milioni 90 kwa faida ndogo. Upande wa pili wa Kanada, kwenye bahari ya Atlantiki, mataifa saba ya Wamikmaki yalitumia mlango huo huo kukopa milioni 250, na mwaka 2021 pamoja na kampuni moja walinunua Clearwater, moja ya makampuni makubwa ya samaki wa bahari Kanada. Nusu ni yao. Babu zao walikamatwa kwa kuvua bila ruhusa ya Leta. Wajukuu wanashika leseni za kampuni. Deni ni la miaka 30, kwa hiyo hatusemi kwamba wamefika. Watoto wataendelea kulilipa.

Na kwetu?

Kuna mambo yaliyo tayari katika sheria zetu na ambayo mama wengi hawajaelezwa. Kodeksi ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaomba kampuni ya kuchimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazoizunguka. Tena asilimia 15 ya kodi ya madini inapashwa kufika kwa sekta, shefferi ao komine mahali mgodi uliko. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, mpaka hektari 50,000, bila kulipa bei na bila mwisho wa miaka. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inatambua haki za wenyeji wa asili Pygmées, na mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyowapa haki Batwa wa Kahuzi-Biega juu ya ardhi yao.

Kila moja ya sheria hizo inaita komite: komite ya msitu, komite ya feza ya mgodi. Komite ina prezida, sekretari na kesiye, na mtu anayetia sahihi kwenye banki. Siku ya kuwachagua inatangazwa kwa shefu ao kanisani. Ikitangazwa kwa siku ya soko, mama watakuwa sokoni. Vikundi vya akiba vinaweza kutuma mama wawili kwa shefu kuomba siku ibadilishwe, mbele ya tangazo kusomwa mara ya pili.